Miaka 12 natengeneza injini za boti Kibirizi, Gombe nimeingia mwezi uliopita: tulifuata ndege, sokwe wakatukuta

FundiKibirizi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma mjini. Boti zinazopeleka watu Gombe, ile hifadhi ya sokwe, nazijua kwa mlio. Ikiwa bado mbali naweza kukwambia plagi ipi imechoka. Lakini hifadhini kwenyewe sikuwahi kukanyaga. Miaka 12. Ukiniuliza kwa nini sina jibu la maana. Niliona ni mambo ya wazungu, au ya wanafunzi wanaoletwa kwa barua ya shule.

Aliyenitoa ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma chuo cha Mweka mambo ya wanyamapori. Kaja likizo na darubini shingoni. Siku ya pili akasema, "Mjomba, nataka twende tukaangalie ndege." Nikamwambia uwanja uko hapo tu, tuchukue bodaboda, ila ratiba ya leo siijui. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndo nikajua kuna watu wazima na akili zao wanafunga safari, wanalala kwenye msitu wa mvua kama huu wa Gombe na kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya ndege wa manyoya.

Tulianza kwa wakala mmoja mjini, simtaji. Bei aliyotupa ilikuwa ya mtu aliyetoka Ulaya: boti ya kukodi, mpishi, sijui nini na nini. Mpwa akanivuta mkono tukatoka. Tukaenda kuuliza kwa watu wa hifadhi wenyewe. Mtanzania analipa kwa shilingi, unaonyesha kitambulisho cha NIDA, unapewa namba ya malipo, unalipia kwenye simu, kwisha. Usafiri tukapanda boti za abiria zinazokwenda Mwamgongo, zinapita mbele ya Gombe na kukushusha. Ni kilomita kama 16 tu kutoka mjini, ila gari haiendi. Ni maji au hakuna.

Sasa cheka. Tulipokuwa usawa wa Mtanga injini ikazima. Nahodha akaangalia injini, akaangalia ziwa, kisha akaniangalia mimi. Abiria wote wakageuka. Nimeenda kupumzika nikaishia kufungua plagi kwa spana ya kuazima, gunia la unga wa muhogo limenibana mgongo, kuku wa mtu ananidonoa kwenye kifundo cha mguu. Mpwa wangu wala hakujali, yeye na darubini yake. Akasema, "Mjomba usiharakishe, kuna mdiria hapa." Yule mwenye madoa meusi na meupe, anasimama hewani kama helikopta, anajiachia ndani ya maji, anatoka na kisamaki. Ndege huyo nimemwona kila siku ya maisha yangu. Jina lake nimelijua siku hiyo, mikono imejaa grisi.

Tumeshuka Kasekela, kambi ya hifadhini, jua linakaribia kuzama. Naendelea baada ya kula, betri iko chini.

Mwanga_Sokoni

Nimekaa mkao wa kula. Ila uzi bila picha haunogi mkuu.

FundiKibirizi

Picha nilizopiga kwa simu yangu zina majani mengi na kitu cheusi katikati. Utaapa ni gunia la mkaa. Nisikilize tu kwa maneno.

Naendelea. Kitu cha kwanza kukupokea Kasekela ni nyani, na hawana aibu. Askari wa hifadhi alituonya: mlango ufungwe muda wote, usile nje, usiache mfuko chini. Nikaitikia ndiyo. Nikaweka begi kibarazani nifunge kamba za viatu, mara moja tu. Dume moja likaja likakaa hatua mbili kutoka kwangu, kimya kama mzee aliyekuja kusalimia. Nilidhani litararua begi. Wapi! Lilishika kile kidude cha zipu kwa vidole viwili, likavuta taratibu, likatoa mfuko wa maandazi tuliyobebeshwa na shemeji yenu, likaenda nayo juu ya mti. Likawa linakula huku linaniangalia. Zipu ikabaki nzima kabisa, ndo kilichoniuma.

Jioni ile ile, pembeni ya nyumba, mpwa akanishika bega. Chini kwenye majani kulikuwa na vindege vidogo kama shomoro, koo na uso vyekundu, tumbo jeusi lenye vidoa vyeupe kama mtu kalirushia chokaa kwa brashi. Vinaruka ruka hatua tatu kutoka tuliposimama. Akaniambia hao sehemu nyingine ni waoga, unasikia sauti tu, ila hapa wamezoea watu. Kingereza chao ni kirefu, Kiswahili chao sikukipata. Tumeviangalia mpaka giza likaingia. Baadaye taa za wavuvi wa dagaa zikawaka ziwani, moja moja, mpaka ikawa kama kuna mji kule majini.

Profesa_wa_Vijiweni

Mkuu tusidanganyane, Gombe si msitu wa mvua. Misitu ya mvua ni Kongo huko. Gombe ni milima yenye nyasi.

FundiKibirizi

Umesema nusu, profesa. Ukiwa ziwani unaona migongo ya milima ina nyasi na miombo, hapo sibishi. Lakini ingia bondeni. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ule ukuta wa bonde la ufa unapanda kupita mita 1,500 hapo hapo juu yako. Kila kijito kinachoshuka kimejichongea bonde, na kila bonde lina msitu wa kijani mwaka mzima, mti juu ya mti, mizabibu ya porini inaning'inia, hewa ya baridi kama umefungua friji. Hifadhi yenyewe ni ndogo. Ndani ya saa moja ya kupanda unatoka msituni unaingia miombo, na ndege wanabadilika wote. Kwa mtu wa ndege hiyo ni nyama mbili kwa bei ya moja.

Kasulu_Hadi_Kigali

Anayetaka msitu wa mvua wa milimani haswa aende Nyungwe, Rwanda. Mimi nilipitia Kahama, nikavuka Rusumo. Ni kama kilomita za mraba 1,000, wameifanya hifadhi ya taifa miaka ya 2000, na kuna daraja la kuning'inia juu ya vilele vya miti. Mbega wa kule wanatembea makundi ya mamia, sikuamini macho yangu. Ila ukungu ukishuka unalipa pesa kuangalia pamba. Na sokwe tuliwatafuta kutwa nzima, tukaambulia sauti.

MamaTausi

Samahani kaka fundi, nina mtoto wa miaka 9 anapenda sana wanyama. Naweza kwenda naye?

FundiKibirizi

Dada, kwa sokwe hawatamruhusu, watoto wadogo hawapandi kule. Atabaki ufukweni na nyani, na wewe utakuwa na kazi ya kulinda begi. Subiri akue kidogo, au mpeleke mwone ndege tu, ila uliza kwanza kabla hujalipa boti.

Muuguzi_Ujiji

Naomba niongeze hapo kwa MamaTausi, maana si ukali wa bure. Sokwe wanashika magonjwa yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia Gombe, wapo waliokufa na wapo waliobaki wakiburuta mikono. Mafua ambayo kwako ni siku tatu na chai ya tangawizi, kwa sokwe yanaweza kuwa homa ya mapafu na kuua kundi. Na hawa wa Gombe ni kama mia moja tu wote kwa jumla, wamezungukwa na vijiji pande zote na ziwa mbele. Watoto ndio wabebaji wakubwa wa mafua, mama yeyote anajua. Kwa hiyo barakoa inavaliwa, umbali wa mita 10 unatunzwa, na ukiwa unakohoa mwenyewe jihurumie ubaki kambini.

FundiKibirizi

Asante dada muuguzi. Na kweli, mwongozaji alitukagua kwa macho asubuhi kama mwalimu wa zamu.

Haya, asubuhi yenyewe. Saa kumi na mbili kasoro tuko nje. Wageni wengine wawili walishaondoka mbio na mwongozaji wao, wanataka sokwe wapige picha warudi na boti ya mchana. Mpwa akamwambia mwongozaji wetu, "Sisi hatuna haraka, tunataka ndege." Yule bwana uso ukambadilika kabisa. Akasema wageni kumi wanaokuja, tisa wanamkimbiza mlimani, na yeye ndege ndiyo anayopenda.

Tulianzia ufukweni. Juu ya mchikichi kakaa tai mweupe na mweusi. Mimi kwa ujuaji nikasema furukombe huyo, nimezaliwa naye. Mpwa akanipa darubini. "Mjomba, mwangalie tumbo." Furukombe ana tumbo la rangi ya hudhurungi, kichwa na kifua vyeupe, mkia mfupi mweupe. Huyu tumbo jeupe mpaka chini, mkia mweusi wenye ncha nyeupe, na pembeni ya jicho ngozi tupu nyekundu. Kisha akainama, akang'oa ngazi moja, yaani tunda la mchikichi, kwenye shada, akaishika kwa mguu juu ya kuti, akaanza kuimenya. Tai anakula ngazi! Mwongozaji akamwita tai wa mawese. Anakula pia samaki na kaa, ila chakula chake kikuu ni hicho hicho ambacho bibi yangu alikuwa anachemsha kwenye pipa.

Miaka 12, wakuu. Nadhani nimemwona mara elfu nikamwita furukombe.

Tukaingia bonde la Kakombe. Mvua zilikuwa zimeanza, njia inateleza, na mimi nilivaa raba za sokoni. Vaeni viatu vyenye meno. Mpwa kila hatua ishirini anasimama. Kwanza ilinikera. Baadaye nikagundua ukisimama dakika tano sehemu moja, msitu unarudi kuishi. Mara kima anapita juu, mara majani yanapasuka, ni kororo, kanga wa msituni wenye vishungi kichwani, wanachakura kama kuku wa nyumbani. Mwongozaji akatuonyesha kima mmoja wa ajabu ajabu, akasema pale Gombe kima wa bluu na kima mkia mwekundu wanazaliana, kwa hiyo unakuta mtoto kachukua uso kwa baba na mkia kwa mama.

Halafu ikaja sauti juu, ya kukwaruza, kama mtu anavuta starta ya injini isiyowaka. Shorobo. Tulimtafuta karibu dakika ishirini, shingo zimekufa ganzi. Ndege mkubwa wa zambarau iliyoiva, karibu na nyeusi, mdomo wa njano, kishungi chekundu. Anakimbia juu ya tawi kama kindi. Akaruka kuvuka kijito, na alipofungua mabawa, ndani kukawa kwekundu kama damu, jua likapita katikati yake. Mpwa akaniambia rangi ile nyekundu ya shorobo imebeba madini ya shaba ndani ya unyoya. Mimi kwa shaba nilijua nyaya tu.

Tukiwa bado tunaangalia juu, michikichi nyuma yetu ikaanza kutikisika.

Mwanga_Sokoni

Usikate hapo mzee, utatuua.

FundiKibirizi

Nilienda kumwagilia bustani, samahani.

Ni jike na mtoto wake mgongoni, wakafuata wengine wanne. Hatukuwatafuta, wametukuta. Mwongozaji akasema kwa sauti ya chini barakoa juu, rudini nyuma, tukarudi mpaka umbali ukatosha. Yule jike akapanda mchikichi, akakaa katikati ya makuti kama mtu kwenye kochi, akaanza kula ngazi. Anaweka mdomoni kadhaa, anatafuna, ananyonya, midomo imelowa mafuta ya rangi ya chungwa. Kisha anatema fumba la nyuzi. Tangu asubuhi nilikuwa nakanyaga mafumba yale njiani nikidhani ni uchafu wa watu. Mtoto akaokota fumba la mama yake akalinyonya tena, kama wetu walivyokuwa wakifanya na makapi ya muwa.

Muda wenu na sokwe ni saa moja, hamzidishi. Katika ile saa dume moja lilipita kwenye njia yetu hiyo hiyo, sisi tumesimama pembeni, halikutuangalia hata kidogo. Sijawahi kudharauliwa vizuri namna ile.

Mwongozaji akatuonyesha na kichuguu. Mwaka 1960 marehemu Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika hapa tarehe 14 Julai, binti wa miaka 26, akiwa na mama yake na mpishi. Baada ya miezi michache akamwona dume aliyempa jina David Greybeard anachomeka unyasi kwenye kichuguu, anautoa umejaa mchwa, anaulamba. Wasomi walikuwa wanasema binadamu peke yake ndiye anayetengeneza kifaa. Ikabidi waanze upya. Mama huyo amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Wazee wa Mwamgongo na Mtanga bado wanamsimulia kama mtu wa kijijini.

Gungu_Kwetu

Na asisahaulike kwenye miti. Miaka ya tisini vilima vya kuzunguka Gombe vilikuwa vimebaki vipara, watu wanalima mpaka mpakani, mvua ikinyesha udongo unaingia ziwani. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa vijijini unaoitwa TACARE: miche, kahawa, visima, wasichana shule. Baba yangu mdogo alikuwa kwenye kamati ya msitu ya kijiji. Anasema mwanzo waliitwa wachawi kwa kukataza watu kukata kuni.

Kahama_Dhahabu

Nimesoma mahali kuwa sokwe wa Gombe walipigana vita, na waliofutwa wote wanaitwa Kahama. Sisi Kahama tumewakosea nini jamani?

FundiKibirizi

Hahaha, Kahama ni bonde la kule hifadhini, mkuu, si nyie. Kundi la Kasekela liligawanyika, waliohamia kusini wakaitwa Kahama, na kati ya 1974 na 1978 wale wa kaskazini wakawamaliza madume mmoja mmoja. Walikuwa wamecheza pamoja utotoni. Mwongozaji alitusimulia tukiwa tumekaa kwenye maporomoko ya maji, nikakosa hamu ya kula karanga.

MtotoWaLagosa

Mnaongea Gombe tu kana kwamba Kigoma ina hifadhi moja. Mimi nimebeba mizigo ya wageni Mahale misimu minne. Mahale ni kilomita za mraba 1,613, hifadhi ya taifa tangu 1985, na mlima Nkungwe una mita 2,462. Ukisimama ufukweni ukautazama unaingia mawinguni. Wajapani walianza kuwafuatilia sokwe wa kwetu mwaka 1965. Msitu wa huko chini ni mnene kuliko Gombe, profesa wa vijiweni njoo uone, utakoma kubisha.

Na nimecheka hapo kwenye ngazi. Sokwe wa Mahale hawali ngazi! Michikichi ipo na hawaigusi. Ila wana yao: wakichanana manyoya, kila mmoja anainua mkono, wanashikana viganja juu ya vichwa kama watu wanaotaka kucheza mduara, halafu kila mmoja anamchambua mwenzake kwapani. Gombe hawafanyi hivyo. Kila kijiji na ngoma yake.

Kufika ndo mtihani. Ni zaidi ya kilomita 120 kusini mwa mji kwa maji. Zamani tulikuwa tunashuka na Liemba, usiku wa manane, meli inasimama katikati ya ziwa na mitumbwi inaifuata. Meli iliyotengenezwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927. Kushuka ngazi ya kamba na sanduku la mgeni kichwani, gizani, mawimbi yanapiga, hiyo kazi sitaki tena hata kwa dola.

FundiKibirizi

Shikamoo kaka wa Lagosa, nimekuelewa. Mpwa kasema mwakani ni Mahale. Injini nitaikagua mwenyewe kabla ya kupanda.

Kwa walioniuliza faraghani, kwa kifupi: laleni angalau usiku mmoja, ndege wanaongea alfajiri na jioni, mchana wamelala kama sisi. Kuanzia Novemba mpaka Machi kuna ndege wageni waliokuja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi, utaona wengi zaidi, ila utateleza. Kiangazi njia ni kavu lakini upepo wa kusini unachafua ziwa mchana, pandeni boti asubuhi kama mnaweza kupata. Jaketi okozi ulizeni kabla ya kulipa nauli, msione haya. Chakula bebeni kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Zipu si kitu.

Simbo_Shambani

Kaka fundi, umenitia wasiwasi. Hapa kwetu Simbo kuna tai mkubwa mweupe na mweusi anakuja kwenye michikichi yangu tangu mwaka juzi. Mimi na watoto tunamfukuza kwa manati tukidhani anawinda vifaranga.

FundiKibirizi

Vifaranga vimepungua?

Simbo_Shambani

Hapana, ukiniuliza vizuri. Ila ngazi za juu nakuta zimemenywa.

FundiKibirizi

Akija tena usirushe kitu. Mwangalie tumbo na mkia.

Simbo_Shambani

Niko uani sasa hivi. Kakaa mchikichi wa kwa jirani. Tumbo jeupe. Mkia mweusi, ncha nyeupe. Mtoto wangu ananiuliza kwa nini leo hatumpigi.